Rovu la Jiwe

Lugano alilileta kwa lori la saruji,
ndani ya ndoo ya rangi yenye mfuniko,
toka Mtwara, kwa njia ya Songea, hadi Isyesye,
na kila kwenye mzani alishuka kuyapepea maji
kwa kipande cha boksi, kama anayempepea mgonjwa.
"Dada, wewe ndiye mtu wa hadubini," akasema.
"Litazame. Kuna vitu vinaota."

Tangi nililinunua kwa daktari wa meno aliyehama mji.
Chumvi naipima kwa mizani ya maabara;
ikizidi kidogo tu, jiwe linanuna.

Miaka kumi na tisa nimeinamia kioo
nikiwaita wadudu kwa majina yao:
huyu wa malaria, huyu safura, huyu kichocho.
Naandika, napiga muhuri, nasema anayefuata.
Sasa jiwe limekaa sebuleni, halikuchukua namba,
na kalamu yangu imekauka.

Kuna zambarau ngumu iliyogandamana
kama rangi ya kucha iliyomwagika.
Kuna mirija myeupe, kila mmoja na kifagio mdomoni;
ukimulika tochi, kifagio kinarudi ndani
kama ulimi wa mtu aliyekaribia kutoa siri.
Kuna viputo vya kijani vilivyobanana, njegere mbichi kabisa.
Kuna ua la pareto,
ila pareto ya shambani haikunji vidole ikiguswa.
Na uvunguni mwa jiwe kuna kitu cheupe, laini,
hakina mdomo ninaouona, wala mzizi.
Nilikikwangua, nikakiweka chini ya lenzi:
vijiti vya kioo. Basi.

Mwalimu Asajile wa baiolojia alikuja Jumapili,
akalizunguka tangi mara tatu na kikombe mkononi.
"Mawe ya kwetu yana kuvumwani," akasema,
"nusu kuvu, nusu mwani. Panda Loleza,
utaukuta mwani umeketi kwenye ukungu."
Tukacheka. Hakutaja kingine.
Chai yake ya pili ilipoa.

Mama ndiye aliyetaja.
Alisogeza kigoda, akavaa miwani,
akakitazama kile cheupe
muda wa kuchambua sinia zima la mchele.
Kisha akapeleka kiganja shingoni,
pale anapofunga kitambaa hata jua likiwaka.
"Hili ni rovu," akasema. "Jiwe lina rovu."

Sikumsahihisha.
Alikulia Isongole, ambako mvua husuuza udongo
hadi udongo unasahau ladha,
ambako chumvi ilifika mgongoni mwa watu kutoka Ivuna
na bahari ilikuwa neno la kwenye nyimbo za kanisani.
Paketi za madini joto zilipoingia dukani
shingo ilikuwa imeshaamua.
Lake liliota kwa njaa ya kitu
ambacho jiwe hili limekioga tangu kuumbwa.
Fomu za tezi nimejaza nyingi. Ya kwake, hapana;
hataki kuchomwa sindano na mtoto aliyemzaa.

Julai, saa saba usiku, umeme ukakatika.
Pampu ilinyamaza; ukimya ndio ulioniamsha.
Nikamkuta sebuleni, kalivika tangi blanketi lake,
chupa mbili za maji moto ubavuni mwa kioo,
anakoroga kwa mwiko, polepole, kama uji wa mtoto,
pumzi yake ikitoka nyeupe.
"Wamekufa?"
"Wamelala. Punguza sauti."

Asubuhi vifagio vyote vilikuwa nje.
Cheupe kimeongezeka, upana wa ukucha.
Nimefungua daftari, nikachora safu kama kazini:
Zambarau: haijulikani.
Njegere: haijulikani, zinazaana.
Vifagio: minyoo? (ya heshima)
Pareto: haijulikani. Inauma.
Mstari wa mwisho nimeuacha wazi.
Mama kasema atauandika mwenyewe,
yuko chumbani anatafuta miwani.